Malalamiko Kuhusu Maelekezo ya Kulisha Kasuku Wachanga Wanaponyonyoka Manyoya

Kwa Meneja wa Ubora wa Bidhaa,

Bwana/Bibi,

KUH: MAELEKEZO YALIYO NYUMA YA MFUKO WENU WA KILO 2

Sisi ni wafugaji wa kasuku wa kijivu hapa Mombasa, wenye vibali. Tunalalamikia chakula cha mbegu mnachokiuza kwa ajili ya kasuku wachanga, na zaidi ya chakula chenyewe, maandishi yaliyo nyuma ya mfuko. Mmeandika kwamba ndege anapoanza kunyonyoka kwa mara ya kwanza aongezewe mbegu maradufu, aachishwe mboga asije akaharisha, na atiwe matone ya vitamini katika maji kila siku. Anayefuga kasuku kwa mara ya kwanza atafuata maneno hayo kama yalivyo, na ndege wake ataumia.

Unyoya karibu wote ni protini. Ndege anayebadilisha manyoya anahitaji protini iliyokamilika, na mbegu zenu hazimpi. Alizeti ina upungufu wa lisini, karanga ina upungufu wa methionini (zote mbili ni viungo vinavyojenga protini), na mbegu hizo mbili zimejaa mafuta. Ukimwongezea mbegu maradufu, ndege hunenepa huku manyoya mapya yakitoka dhaifu, yamekatwa na mistari myembamba inayopita kwa upana wa unyoya. Mistari hiyo ni alama ya siku ambazo mwili ulipungukiwa na lishe au ulipata mshtuko, na haifutiki mpaka unyoya huo udondoke tena.

Kalsiamu ndiyo inayotutisha zaidi. Gramu 100 za kiini cha alizeti zina takriban miligramu 80 za kalsiamu, na fosforasi yake, ambayo ikizidi huizuia kalsiamu isitumike mwilini, ni kama mara 8 ya hapo. Kasuku wa kijivu anajulikana kwa kupungukiwa na kalsiamu katika damu: hutetemeka, huanguka kutoka kwenye kijiti chake, hushikwa na degedege. Mfuko wenu haulitaji jambo hili hata kwa neno moja.

Mnajitetea kwamba mbegu zimenyunyiziwa vitamini. Zimenyunyiziwa, ndiyo, lakini juu ya maganda. Kasuku humenya kila mbegu, akala kiini na kuangusha ganda, kwa hiyo vitamini zenu huishia sakafuni. Tena huchagua alizeti kwanza na kuacha mbegu nyingine, basi viwango mlivyochapisha ni vya mfuko, si vya kile kinachoingia tumboni. Mngewaonya wateja pia kwamba bakuli linaloonekana limejaa huenda ni maganda matupu.

Matone katika maji yaondoeni kabisa. Hakuna ajuaye ndege amekunywa kiasi gani, vitamini huharibika haraka zikiwa majini, na katika joto la pwani maji hayo huotesha bakteria kabla ya jua kutua. Vitamini D ikizidi huharibu figo. Ndege huitengeneza mwenyewe akipata jua la asubuhi, bila kioo katikati, kwa maana kioo huzuia miale anayoihitaji, na awe na kivuli cha kukimbilia.

Kuhusu mboga, choo cha majimaji baada ya kula mboga mara nyingi ni mkojo ulioongezeka, si kuhara. Kumnyima mboga ni kumnyima vitamini A, ambayo upungufu wake huonekana kama madoa meupe mdomoni na pua zilizoziba. Karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na pilipili nyekundu vinafaa. Pilipili haimwashi ndege. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una asidi inayoifunga kalsiamu. Parachichi ni sumu, na onyo hilo lilistahili herufi kubwa.

Mngeandika hivi: msingi wa chakula uwe peleti kamili (chembe za chakula kilichosagwa, kikachanganywa na kushindiliwa), mboga zifuate, na mbegu zisizidi sehemu 1 kati ya 10. Mara mbili au tatu kwa wiki apewe kijiko cha chai cha yai lililochemshwa kwa dakika 10, na mabaki yaondolewe baada ya saa 2. Pojo zilizolowekwa usiku kucha, zikasuuzwa mara tatu kwa siku na kupewa ndege mara tu zinapochipua, zinafaa. Maharagwe yasitolewe mabichi kamwe. Yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke sana kwa nusu saa au zaidi. Apimwe kwa mizani ya gramu kila asubuhi kabla ya kula. Akipoteza sehemu 1 kati ya 10 ya uzito wake, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Mmeandika pia kwamba vipara ni kawaida. Si kawaida. Kasuku hunyonyoka kidogo kidogo, na manyoya ya mabawa hudondoka kwa jozi, kulia na kushoto. Ngozi ikionekana wazi, anajidonoa au ni mgonjwa, na kauli yenu inamchelewesha mwenye ndege kutafuta tiba.

Mwisho ni karanga mbichi zenye maganda. Karanga zilizohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumu inayoua ini, na vumbi la ukungu huingia katika mapafu ya kasuku wa kijivu, ambao tayari ni wepesi wa kupata maradhi ya mapafu yanayoletwa na ukungu. Mfuko hauna tarehe ya kufungashwa wala ya kwisha muda.

Tunataka mifuko yenye maelekezo hayo iondolewe madukani, karanga zitolewe au zipimwe kila shehena, tarehe zichapishwe, na walionunua warudishiwe fedha zao. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya wafugaji