Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: ISTILAHI ZA SAYANSI SHULE ZA MSINGI

Istilahi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Tunachoomba ni kiambatisho kifupi kwenye kiongozi cha mwalimu, kila istilahi ikiambatana na jaribio lake, maana fasili ya kukariri husahaulika mtihani ukiisha.

Chukua kuyeyuka na kumumunyuka. Nyumbani sukari "huyeyuka" kwenye chai, na hakuna ubaya. Darasani, mtoto huamini sukari imegeuka kimiminika, kisha akashindwa kueleza kwa nini chumvi huonekana tena maji yakikauka. Pasha kipande cha mshumaa kwenye kijiko: kimeyeyuka, kwa joto tu. Koroga kijiko cha chai cha chumvi katika nusu glasi ya maji: imemumunyuka, bila moto wowote. Mmumunyo kidogo umiminwe kisahani na kuanikwa juani, chumvi itabaki. Chumvi yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za Selsiasi. Mwalimu aonywe asizidishe: mililita 100 za maji hupokea gramu 36 hivi, zaidi ya hapo hutuama chini, na darasa litadhani jaribio limekwama.

Kuchanganya uzito na tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu) kuna hasara kubwa zaidi, kwa sababu kosa huingia kwenye hesabu. Mfuko wa unga wa kilo 2 una tungamo la kilogramu 2. Uzito wake ni kani, yaani nguvu ya dunia kuuvuta, takriban nyutoni 20. Mwezini tungamo halibadiliki, uzito hushuka hadi nyutoni 3 na kidogo. Ukiuweka mfuko huo juu ya eneo la mita ya mraba 0.01, kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo, ni paskali 2,000. Aliyezoea kuandika "uzito kilo 2" atapata 200, na kanuni ameipatia! (Sokoni tuwaache waseme uzito.)

Chembe nayo ibaki kwa vipande vidogo vya maada. Kwenye biolojia tuandike seli, la sivyo mtoto atadhani chembe ya damu na atomi ni kitu kimoja.

Maabara haihitajiki kwa haya. Mizani ya springi moja kwa kila shule inatosha, ila iwe imewekewa alama za nyutoni. Ile ya buchani husoma kilo na itaturudisha kulekule.

Wenu,
Walimu wa sayansi