Msilamineti barua za babu

Mhariri,

Vibanda vya fotokopi vya Ngamiani, hapa Tanga, vinatufaa sana kwa vyeti vya shule. Kwa karatasi za zamani ni balaa. Barua ya mwaka 1930 ikishapita kwenye mashine ya kulamineti, plastiki huyeyuka kwa joto na kushikana na nyuzi za karatasi, na asidi iliyomo hufungiwa humo humo iendelee kuila. Kuibandua ni kazi ya kemikali na ni ghali, na mara nyingi wino nao huondoka.

Twalisema hili kwa kuwa historia kubwa ya Tanga ingali kwenye makabati ya watu. Nyaraka za serikali ya Kijerumani zimetunzwa Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia. Humo anasema bwana shauri, yaani mtawala wa wilaya wa kikoloni. Manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, utampata zaidi kwenye kadi yake ya kipande, ya kuhesabia siku za kazi, yenye nafasi za siku 30, ikiwa wajukuu hawajaichoma. Hata miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu iliyopo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo orodha yake iliyoandaliwa na J.W.T. Allen ilichapwa mwaka 1970, ilitoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa familia za pwani.

Ukiamua kuzikabidhi karatasi zako, maktaba ya chuo kikuu inayojua kazi yake haipokei mzigo kwa maneno matupu. Hudai hati ya makabidhiano yenye saini za pande mbili, inayosema kama mali imetolewa moja kwa moja au imeazimwa ili inakiliwe, nani ana haki ya kuichapisha, na kipi kifungwe kisisomwe na watu kwa miaka mingapi. Barua za talaka na mirathi zaweza kufungwa. Dai la kuzifunga liandikwe siku hiyo hiyo ya makabidhiano. Na kumbukeni kwamba anayemiliki karatasi si lazima amiliki haki ya kilichoandikwa. Wasipokupa nakala ya hati, rudi na boksi lako.

Baada ya hapo mzigo hauingii ghalani. Hutengwa kwanza, maana boksi moja lenye wadudu laweza kuambukiza rafu nzima. Karatasi hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, hewa ikatolewa, mfuko ukazibwa, kisha hugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili hivi. Ukishatolewa haufunguliwi mpaka joto lake lilingane na la chumba, yaani kama saa 24, la sivyo umande utatua juu ya maandishi. Baridi huua wadudu na mayai yao. Kuvu haiui, huilaza tu. Picha za kioo hazigandishwi kabisa.

Jambo linaloharibiwa zaidi na watu wenye nia njema ni mpangilio. Mjukuu hukaa Jumapili nzima akitenga barua huku, risiti kule, picha kwenye albamu mpya, bahasha jalalani. Bahasha ndiyo yenye muhuri wa posta na tarehe. Risiti ya nazi iliyobanwa na barua ya deni ndiyo inayoeleza deni lenyewe. Mtunza nyaraka hufuata mpangilio wa mwenyewe hata ukionekana vurugu, na hachanganyi karatasi za familia mbili hata zikizungumzia shamba moja. Hung'oa pini zilizoshika kutu, huweka karatasi kwenye majalada yasiyo na asidi, na huandika namba kwa penseli, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Adui mkubwa wa Tanga ni unyevu. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na masika yetu huvuka hapo bila shida. Ghala linataka asilimia 45 hadi 55, rafu za chuma zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kuachana na ukuta wa nje. Kuna ofisi zinazowasha kiyoyozi asubuhi na kukizima jioni. Kwa karatasi huo mpando na mshuko wa kila siku ni mbaya kuliko joto lisilobadilika. Bora feni na mashine ya kunyonya unyevu, usiku na mchana.

Skana ni jambo jema, nukta 400 kwa inchi kwa hati na 600 kwa picha ndogo, faili zikae nakala tatu, moja nje ya jengo. Kaseti za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, zitangulie, kwani utepe huchakaa haraka kuliko karatasi nyingi, na saa moja ya sauti huchukua saa moja kunakiliwa. Lakini atakayeskani kisha akakushauri utupe asili, usimpe tena kitu.

Majumbani, msibandike selotepu. Sanduku liwe mbali na jiko na dari la bati. Glavu nyeupe hazihitajiki kwa karatasi, mikono safi mikavu inatosha; glavu ni za picha na negativu. Mvua ikilowesha karatasi, msizianike juani wala kuzibandua. Kuvu huanza ndani ya saa 48, hivyo zitandazeni kivulini penye feni, na zikiwa nyingi zifungeni kwenye mifuko mzitie frijini upande wa barafu, kisha mtafuteni mtunza nyaraka.

Watunza nyaraka,
Chumbageni, Tanga