Jasho lipimwe, ila sukari ya mama tusiibahatishe

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mama yangu ana kisukari, vidole vyake vya kushoto vimekuwa vigumu nchani kwa kuchomwa kila asubuhi apimwe sukari ya damu, sasa juzi mdogo wangu kaona tangazo la saa inayopima sukari kwa jasho akataka kuinunua, nikamwambia ngoja kwanza.

Sayansi yenyewe ipo kweli na mimi naipenda sana. Wanachapa wino wa kaboni na wa madini ya fedha kwenye plastiki laini, kama vile fulana zinavyochapwa, halafu wanaweka kimeng'enya juu, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, jasho likigusa kinatoka kijiumeme kidogo na hicho ndo kinasomwa. Hata zile stripu za mama, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zinachapwa hivyohivyo. Mwaka 2016 Ali Javey na Wei Gao wa chuo cha Berkeley, California, walionyesha kifaa cha kuvaa kinachopima chumvi za sodiamu na potasiamu, lakteti inayotengenezwa misuli ikifanya kazi, na glukosi, yaani sukari yenyewe, kwa pamoja, kwa mwanariadha au kibarua wa juani hiyo ni msaada mkubwa jamani.

Lakini sukari ya kwenye jasho ni kidogo mno kuliko ya damu, na ngozi ikiwa chafu au jasho likitoka kidogo namba inayumba. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, maana mtu anaweza kujidunga insulini kwa namba ya uongo.

Mhariri, tangazo kama hilo likija kwenu msilichape.

Msomaji wenu, Morogoro