Stika ya chunusi kwanza, losheni ya jua baadaye: jibu kwa wanaosema tunauza feki

Wiki haipiti bila mtu kuturudishia pakiti ya stika za chunusi ambayo ameshaifungua, akidai ni feki. Maneno yanafanana: "Nimebandika asubuhi, kufika Posta imeshaning'inia." Majuzi dada mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, mbele ya wateja wote, kwamba tumemwibia elfu kumi na tano yake. Nilimpigia simu nikamuuliza jambo moja tu: alianza na kipi, losheni ya jua au stika? Akasema losheni, tena kwa kujiamini, maana sisi wenyewe ndio tunaomhimiza kila siku asitoke nje bila losheni ya jua.

Losheni anapaka, na ninamshukuru kwa hilo. Tatizo ni mpangilio. Kwa kuwa wanaokosea hapo ni wengi, na lawama inatuangukia sisi wauzaji, naeleza kwa kirefu.

Stika hizi zimetengenezwa kwa haidrokoloidi, kitu kile kile ambacho hospitali zimekuwa zikifungia vidonda tangu miaka ya 1980, kabla Wakorea hawajakikata viduara vidogo vya usoni. Ndani ya gundi yake mna chembechembe zinazofyonza maji: pektini, jelatini, selulosi. Chunusi iliyoiva ikitoa majimaji na usaha, chembechembe zinayavuta na kuvimba, ndiyo maana stika inageuka nyeupe katikati. Stika ya kawaida haina dawa ndani. Kazi yake ni kufyonza, na kuzuia vidole vyako visitumbue.

Losheni ya jua nayo imetengenezwa ili ifanye utando juu ya ngozi, na nyingi zina mafuta au silikoni ili zisitoke haraka kwa jasho. Ukibandika stika juu ya utando huo, gundi inashika losheni, haishiki ngozi. Jasho la kwanza kwenye daladala, stika inateleza. Hata ikibaki, majimaji ya chunusi hayaifikii vizuri, kwa hiyo jioni unaibandua ikiwa safi kama ulivyoitoa kwenye pakiti, halafu unasema haifanyi kazi.

Osha uso. Kausha, na nikisema kausha ninamaanisha kukauka kabisa, kwa sababu kwa joto la Dar mtu anatoka bafuni anaanza kutoa jasho kabla hajavaa. Kaa mbele ya feni kidogo. Sehemu ya chunusi isiguswe na kitu chochote, si siramu, si mafuta ya uso, si tona yenye gliserini. Bandika stika, iwe kubwa kuliko chunusi ili kingo zishike ngozi nzima, kisha ikandamize kwa kidole karibu nusu dakika. Joto la kidole linaisaidia gundi kushika. Baada ya hapo ndipo unapaka mafuta yako ya uso sehemu nyingine, na mwisho losheni ya jua. Ukifika kwenye stika, gusagusa kuizunguka, usisugue. Ikishashika vizuri unaweza kugusagusa losheni kidogo hata juu yake, lakini ukisugua tu, kingo zinanyanyuka na vumbi linaingia.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko stika kudondoka. Wateja wengi wanaamini kwamba stika ikishakuwa usoni, pale palipofunikwa hapahitaji losheni tena, hata baada ya kuibandua. Stika ya kupitisha mwanga si kinga ya jua ya kutegemea, labda kama mtengenezaji mwenyewe ameandika kwenye boksi kwamba inazuia mionzi. Na ukiibandua saa saba mchana kwenda kula, ile ngozi iliyokuwa chini haina hata tone la losheni, ni nyekundu, imevimba, na jua liko utosini.

Kwa ngozi zetu, hapo ndipo doa linapozaliwa. Chunusi inapona kwa siku chache, lakini mahali palipokuwa na uvimbe ngozi inatengeneza rangi ya ziada, na jua linaikoleza. Si mionzi ya jua tu. Hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unachangia kwa ngozi nyeusi, ndiyo maana kwa wenye madoa napendekeza losheni ya jua yenye rangi, ile iliyowekwa oksaidi ya chuma, kwa sababu inazuia na mwanga huo. Doa hilo linaweza kukaa miezi. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kipimo cha mionzi ya jua (UV index) mchana mara nyingi kinapita 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kwenye kundi la juu kabisa. Mawingu ya masika yasikudanganye.

Kwa hiyo ukibandua mchana: osha au futa kwa maji safi, kausha, angalia. Kama chunusi imefunga, paka losheni ya jua hapo hapo. Kama bado pabichi, usiingize losheni kwenye kidonda, bandika stika mpya kisha paka kuizunguka. Ndiyo, stika mpya. Ile uliyoibandua imeshajaa uchafu na gundi yake imekwisha. Kuna binti wa chuo alikuwa anaiweka kwenye kifuniko cha simu wakati wa kula, halafu anairudisha usoni ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Alikuja na vipele vimezunguka mahali palipokuwa na chunusi moja.

Bibi harusi mmoja wa Kimara simsahau. Alipata chunusi shavuni siku chache kabla ya sendofu. Mchana alizunguka Kariakoo kutafuta vitambaa akiwa na stika bila losheni, maana aliambiwa stika inatosha. Usiku akapaka ndimu kukausha. Ndimu na jua ni hatari ya peke yake: ina kemikali ambazo mwanga wa jua ukizikuta kwenye ngozi zinaunguza, na zikiunguza zinaacha weusi. Siku ya sendofu mpambaji alifunika kwa foundesheni tabaka juu ya tabaka. Fedha aliyoitumia baadaye kutibu lile doa ingemnunulia losheni ya jua ya mwaka mzima. Nilimhudumia kwa moyo wote, lakini iliniuma, kwa sababu ilikuwa chunusi ya elfu kumi na tano.

Kuhusu bei ya losheni naomba tuelewane. Elfu thelathini na nane inaonekana kubwa, na najua kuna meza mjini inauzwa nusu yake. Losheni iliyoshinda juani tangu asubuhi inaharibika. Inajitenga, maji upande mmoja na mafuta upande wa pili, na namba iliyoandikwa kwenye chupa haina maana tena. Zetu zinakaa ndani, kwenye kivuli na ubaridi, na umeme huo tunaulipia. Tunaangalia tarehe na tunahifadhi risiti za tulikonunua. Vipodozi nchini vimekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na mteja ana haki ya kuuliza bidhaa imepita wapi. Tuulizeni.

Halafu kuna wanaoipunguza makali. Mama mmoja, mteja wetu mzuri sana, alikuwa anachanganya losheni ya jua na mafuta ya nazi ili imtoshe yeye na mabinti zake. Mama yangu, SPF, yaani ile namba ya kinga ya jua kwenye chupa, hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimeta moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ni kama mistari miwili ya losheni, mmoja wa urefu wa kidole cha shahada na mwingine wa kidole cha kati. Ukichanganya, au ukipaka tone la kuonea haya, ile 50 haipo tena. Ni heri SPF 30 iliyopakwa ya kutosha na kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje.

Wapo pia wanaoniambia losheni ya jua ni ya watu wenye ualbino. Kule Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao, kwa sababu kwao jua linaleta saratani ya ngozi na kinga ni uhai. Sisi wenye ngozi nyeusi hatari hiyo kwetu ni ndogo zaidi, lakini madoa hayatuachi.

Kuna wakati nakataa kuuza stika. Chunusi ya ndani, ngumu, inayouma na haina kichwa, stika haina cha kufyonza hapo. Vichwa vyeusi puani, vivyo hivyo. Kijana wa bodaboda alitaka pakiti mbili kwa ajili ya uvimbe wa shingoni unaorudi rudi. Nilimwambia aende kwa daktari wa ngozi, hela yake akaondoka nayo. Na stika zenye asidi ya salisiliki au vijisindano vidogo zitumie usiku, mchana vaa ile isiyo na kitu. Anayetumia adapalini au retinoli, zile za ngozi za jamii ya vitamini A, naye apake usiku, maana ngozi yake haivumilii jua.

Muuguzi mmoja aliniambia yeye hukata bandeji ya haidrokoloidi ya vidonda vipande vidogo. Inafanya kazi, sibishi. Ila ni nene, na kingo zilizokatwa kwa mkasi hujikunja na kukusanya uchafu, hivyo ni ya kulalia nyumbani. Za mchana hutengenezwa nyembamba ukingoni ndipo zitulie. Plasta ya kawaida ya dukani isiguse kabisa uso wako.

Ombi la kuuziwa stika moja moja naendelea kulikataa. Karatasi ikishafunguliwa vumbi linaingia kwenye gundi, na atakayelalamika kesho ni wewe.

Pakiti ambayo haijafunguliwa tunabadilisha ukiwa na risiti. Iliyofunguliwa njoo nayo asubuhi, bila meikapu na bila kupaka kitu. Sinki lipo, taulo za karatasi zipo. Utaosha uso, utakauka mbele ya feni yetu, nitabandika moja kutoka kwenye pakiti hiyo hiyo na kukupaka losheni ya jua kuizunguka bila malipo. Ikidondoka kabla ya mchana, rudi uchukue pakiti mpya.