Kipanya cha vipande: tuombe kwanza mchoro wa kiungo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kile kipanya cha kuchezea gemu ambacho watengenezaji wake wanachangisha fedha mtandaoni. Kinakuja kwa vipande, na mwenyewe anakijenga apendavyo: mgongo mrefu au mfupi, ubavu wenye vitufe vingi au usio na kitufe hata kimoja, swichi za kuchomoa kwa mkono, vyuma vidogo vya kuongeza uzito. Natamani sana mradi huu ufike mwisho wake. Hata hivyo mpaka leo asubuhi sijatoa mchango wangu, na nataka kueleza ninachokisubiri, yaani mchoro wa kiungo, pale vipande vinapoungana, kwa kuwa naamini wasomaji wako wanaocheza nao wana haki ya kukidai.

Mdogo wangu ana vidole vitatu mkono wa kulia. Cha pete na cha mwisho vilikwenda na msumeno wa umeme, akiwa kazini. Yeye ni seremala. Tumecheza gemu za mikakati pamoja tangu enzi tukigombea kompyuta moja, na alipotoka hospitali, bandeji ingali mkononi, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama ataweza kushika kipanya tena. Nilimjibu kwamba ataweza. Nilijibu kabla ya kufikiri.

Sisi wenye vidole vyote hatujui tunavyokishika. Kidole cha shahada na cha kati kazi yao ni kubofya tu. Vinavyobeba ni gumba upande mmoja, na cha pete na cha mwisho upande wa pili. Hivyo ndivyo vinavyokibana na kukiinua unapotaka kukirudisha katikati ya mkeka. Kwake upande wa pili hauna kitu. Kila alipokiinua kilipinda, mshale ukaruka hadi pembeni ya skrini, na jeshi lake likaenda asikolituma. Tulijaribu sifongo iliyofungwa kwa utepe, ikalowa jasho. Mwishowe nilichukua gundi ile ya kukanda, ya sehemu mbili, nikamfinyangia ukuta ubavuni mwa kipanya huku ameuweka mkono wake juu yake, akatulia hivyo mpaka gundi ikashika. Ukuta ule ulikaa sawasawa na visiki vya vidole vyake. Alicheza nao miezi minane. Usiku aliponipigia simu kuniambia ameshinda mechi ya kwanza tangu ajali, nilishindwa kusema, nikamwachia yeye azungumze.

Kisha swichi ya kushoto ikafa.

Nieleze kidogo jambo hili, maana ndilo linaloua vipanya vingi. Chini ya kila kitufe kuna kijisanduku cha plastiki chenye miguu mitatu, na ndani yake ulimi mwembamba wa shaba unaoruka kugusa ncha ya pili kila unapobofya. Ulimi huo haugusi ukatulia papo hapo. Unadunda, na programu ya ndani ya kipanya husubiri milisekunde chache mdundo uishe ndipo ihesabu mbofyo mmoja. Ulimi ukichoka na ncha zikichakaa, mdundo unarefuka kupita muda ule wa kusubiri, na mbofyo mmoja unasomeka miwili. Swichi za kawaida huandikiwa uhai wa mibofyo milioni 20, idadi inayosikika kama haina mwisho. Lakini mchezaji anayebofya kitufe kimoja mara 100 kwa dakika hufikisha mibofyo 6,000 kwa saa. Akicheza saa tatu kila siku, milioni 20 zimekwisha katika miaka mitatu hivi. Ya mdogo wangu haikumaliza hata mwaka.

Kubadili swichi ni kazi ya dakika ishirini kwa mwenye chuma cha kulehemu, nami ninacho. Skrubu za kipanya hukaa chini, zimefunikwa na zile nyayo nyembamba za kutelezea. Nilibandua nyayo, nikafungua skrubu, kipanya kikakataa kufunguka: ukuta wangu wa gundi ulikuwa umeshika ganda la juu na la chini kwa pamoja. Ilibidi nikate kwa kijisumeno, mdogo wangu akitazama. Swichi ilipona. Ukuta ulipasuka vipande vitatu, na hatukuweza tena kulipata lile umbo.

Basi niliposoma kwamba kuna kipanya ambacho ubavu wake unachomoka bila kugusa swichi, na swichi inachomoka bila kulehemu, sikuwaza taa za rangi wala kasi. Niliwaza ukuta ule. Nina droo yenye vipanya vilivyokufa, vyangu na vya marafiki, na karibu vyote vina kihisi kizima, yaani ile kamera ndogo ya tumboni inayopiga maelfu ya picha za mkeka kila sekunde na kuzilinganisha ili ijue mkono umekwenda wapi. Sehemu ya ajabu kuliko zote haijaharibika. Kilichokufa ni kijisanduku cha miguu mitatu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Vipanya ni sehemu ndogo mno ya rundo hilo, najua, ila droo yangu naiona kila siku.

Wazo la vipande lenyewe si geni. Mad Catz walitoa zamani vipanya vyao vya R.A.T. ambavyo mgongo unasogezwa mbele na nyuma. Razer mwaka 2017 walitoa Naga Trinity yenye sahani tatu za ubavu, ya vitufe 2, ya 7 na ya 12. Asus kwenye Gladius waliweka soketi, ukachomoa swichi iliyochoka na kupachika nyingine. Nawashukuru wote hao. Lakini tazama kilichobaki palepale: kiungo, mahali kipande kinapokutana na kipande, kila kampuni ina chake na kinaishi kadiri kampuni inavyotaka kukiuza. Mad Catz walifilisika mwaka 2017. Jina lilirudi baadaye, ila aliyekuwa akingoja kipande katikati ya mwaka ule alingoja bure.

Hilo naliandika kwa uchungu, kwa sababu nimelipitia kwa njia nyingine. Miaka kadhaa iliyopita nilichangia mradi mdogo wa kipanya cha vipande, ambao sitautaja. Mwili wa kipanya ulifika, umechelewa zaidi ya mwaka. Sahani ya ubavu niliyoichagua ingekuja “awamu ya pili”. Awamu ya pili haikuja. Barua pepe zikapungua, zikakoma. Kipanya hicho bado ninacho: kizima, kizuri, chenye shimo la mstatili ubavuni na pini tano za rangi ya dhahabu ndani ya shimo. Nilipima shimo kwa kaliperi, rafiki mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki akanichapia sahani, na sahani ikaingia vizuri kabisa. Tukakwama kwenye pini. Ipi inaleta umeme, ipi inapeleka ishara ya kitufe, volti ngapi, kwa mpangilio gani? Ukurasa mmoja wa maelezo ungeniokoa. Watu waliokuwa na ukurasa huo walifunga ofisi wakaondoka nao.

Ninachosubiri ni ukurasa huo. Nawaomba watengenezaji wa mradi huu mpya wachapishe sasa, kabla mchango haujafungwa, mchoro wa kiungo wenye vipimo vyote pamoja na maana ya kila pini, na waandike wazi kwamba yeyote anaruhusiwa kutengeneza kipande kinachoingia humo. Kihisi wakifiche wakitaka, na programu yao ya ndani iwe siri yao. Kiungo ndicho kiwe cha watu wote.

Watasema wakitoa mchoro wataibiwa soko. Nawaelekeza kwenye kibodi. Swichi za Cherry MX zilikuwa na umbo lao, lile la shina lenye alama ya msalaba, na hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuliiga, ilipoisha viwanda vingi vikaanza kutengeneza swichi za umbo lilelile. Leo mtu ananunua kibodi kwa mmoja, swichi kwa mwingine, na vifuniko vya herufi kwa wa tatu, na vyote vinakutana. Cherry wenyewe wanaendelea kuuza swichi. Umbo moja lililoshirikiwa limelisha mafundi wengi kuliko lingewalisha likifungiwa. Na kwa upande wa vipanya, kampuni ndogo ya Ploopy ya Kanada imeweka wazi michoro ya vifaa vyake, ukitaka unachapa ganda lako mwenyewe. Kwa hiyo linawezekana, na wadogo ndio waliotangulia.

Kuna jambo la pili, la kiufundi, nalo ni uimara wa kiungo hicho. Kila unapokata kipanya vipande unaongeza mahali pa kulegea. Sumaku ya kushikia vipande ina uzito, pini za springi zinaingia vumbi na jasho, na wachezaji wa leo wanatafuta vipanya vya gramu 60 au chini yake. Picha za kompyuta zinazong’aa hazinisaidii hapa. Kickstarter, jukwaa la kuchangishia fedha mtandaoni lililoanza mwaka 2009, lilitambua hilo mapema: tangu 2012 haliruhusu mradi wa kifaa kujitangaza kwa picha za kubuni, linataka sampuli halisi. Mimi naomba hatua moja mbele. Watuonyeshe ubavu mmoja uliochomolewa na kurudishwa mara elfu moja, kisha watuache tusikie kama unalia ukitikiswa.

Wasomaji ambao hawajawahi kuchangia nao waelewe wanaingia katika nini. Unapochangia hununui, unamsaidia mtu kujaribu. Utafiti wa Ethan Mollick wa mwaka 2015 kuhusu miradi ya Kickstarter ulikuta asilimia 9 ya iliyofikisha lengo ilishindwa kuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Ni idadi ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na ni kubwa ukiwa ndani yake. Kipanya cha vipande kina hatari ya pekee ambayo hesabu ya namna hiyo haiionyeshi vizuri, nayo ni kupokea nusu. Kila kipande cha plastiki kinahitaji kalibu yake ya chuma ya kukimiminia, na kalibu ndiyo gharama kubwa na ndiyo chanzo cha kuchelewa. Kosa dogo la kipimo, chuma kinachongwa upya. Migongo mitatu na mbavu nne ni kalibu saba kabla hujafikia vitufe, na ukiwakumbuka wanaotumia mkono wa kushoto, ambao mara nyingi ndio wa mwisho kukumbukwa, hesabu inakaribia mara mbili. Fedha zikikatika katikati, mwili utakuwa umekwisha kutengenezwa na mbavu bado. Hapo mchoro wa kiungo ndio unaotenganisha mchangiaji mwenye kipanya kisichokamilika na mchangiaji mwenye kipanya ambacho fundi yeyote anaweza kukikamilisha. Ndiyo maana nauomba mwanzoni, wakati watengenezaji bado wanatusikiliza.

Nimewaandikia hayo moja kwa moja. Walinijibu kwa adabu kwamba wanalijadili, nami nimewajibu kwamba nangoja. Wakichapisha, siku hiyohiyo nitachangia viwili, changu na cha mdogo wangu.

Yeye hangoji kama mimi. Nilimwonyesha picha ya kipanya cha kwanza kabisa, kile ambacho Bill English alimtengenezea Douglas Engelbart mwaka 1964: kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Alikitazama kwa jicho la seremala, akasema hicho angekichonga kikamkaa. Wiki iliyofuata alinipokea na ubavu wa mbao alioutengeneza mwenyewe, umepigwa msasa mpaka unateleza, una bonde moja la kisiki cha kidole cha pete na jingine dogo la kile cha mwisho, na tundu la kitufe mahali anapokifikia kwa kiganja. Upande wa nje umekwisha. Upande wa ndani ameuacha bapa, hajauchonga, kwa sababu hajui kiungo kitakaaje.

Wako msomaji,
Fundi wa vifaa vya kompyuta