Hakuna mstari uliofutwa kwenye Biblia: someni tanbihi

Mhariri,

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu ukidai kwamba tafsiri mpya za Biblia zimefuta mistari kwa makusudi. Umewatia hofu waumini wengi, na sasa umefika hadi mimbarani. Ushahidi wake ni huu: fungua Mathayo 17, utaona namba zinaruka kutoka 20 hadi 22. Hutajwa pia Matendo 8:37, Marko 9:44 na 46, na 1 Yohana 5:7. Naomba nafasi nieleze mambo yalivyo, maana waumini wanatiwa shaka juu ya Maandiko bila sababu.

Tuanze na namba zenyewe. Mathayo hakuandika namba. Mgawanyo wa mistari tunaoutumia katika Agano Jipya ulichapishwa mwaka 1551 na Robert Estienne, mchapaji Mfaransa aliyehamia Geneva. Kigiriki alichokitumia kilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya mtaalamu Mholanzi Erasmus, iliyochapishwa Basel mwaka 1516. Erasmus alikuwa na nakala chache tu za mkono, nyingi zikiwa za karne ya 12 hivi. Kila sentensi iliyokuwamo ikapewa namba yake.

Baadaye zikapatikana nakala zilizo kongwe kuliko hizo kwa mamia ya miaka. Sinaiticus, ya karne ya 4, ilitoka katika monasteri ya Mtakatifu Katerina chini ya Mlima Sinai na kujulikana kwa wataalamu kati ya 1844 na 1859. Vaticanus ni ya karne hiyohiyo. Kutoka Misri zilipatikana nakala za mafunjo, na ile ya Injili ya Yohana iitwayo P66 hukadiriwa kuwa ya mwaka 200 hivi. Mathayo 17:21, isemayo kwamba pepo wa namna hii hatoki ila kwa kusali na kufunga, haimo katika Vaticanus, wala katika mwandiko wa kwanza wa Sinaiticus. Mtafsiri anayezifuata nakala hizi huiacha namba 21 wazi na kueleza sababu kwa tanbihi, yaani maelezo chini ya ukurasa. Angetaka kuficha jambo, angehesabu mistari upya na hakuna ambaye angeona pengo.

Mstari huo uliingiaje? Kisa hichohicho cha kijana mwenye pepo kimo katika Marko 9, na mstari wa 29 una jibu la Yesu kuhusu kuomba. Mnakili aliyeijua Marko kwa moyo aliinakili Mathayo akailinganisha nayo. Yohana 5:4, habari ya malaika kutibua maji, ilipita njia nyingine. Katika mstari wa 7 mgonjwa anataja maji kutibuliwa bila kufafanua. Inaelekea msomaji aliandika ufafanuzi pembeni, na mnakili aliyefuata akadhani ni maneno yaliyosahauliwa, akayaingiza ndani. P66 haina maneno hayo.

Lakini asije mtu akadhani wataalamu hupenda tu kupunguza. Angalieni 1 Yohana 2:23: "Kila amkanaye Mwana, hanaye Baba, amkiriye Mwana anaye Baba pia." Kwa Kigiriki nusu zote mbili zinaishia kwa maneno yaleyale. Jicho la mnakili liliruka kutoka mwisho wa kwanza hadi wa pili, na nakala nyingi za zama za kati zikakosa nusu ya pili. King James, tafsiri ya Kiingereza ya 1611, iliichapa nusu hiyo kwa herufi tofauti kuonyesha kwamba ina mashaka. Nakala kongwe ndizo zilizoithibitisha, na tafsiri za leo huichapa bila alama yoyote. Ndiyo maana nakala hupimwa, hazihesabiwi tu: zina umri gani, zimetoka nchi zilizo mbalimbali au zote zimenakiliwa kutoka chanzo kimoja, na ni usomaji upi unaoeleza jinsi ule mwingine ulivyozaliwa.

Kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni (Baba, Neno na Roho Mtakatifu) katika 1 Yohana 5:7, Erasmus mwenyewe hakuyaweka maneno hayo katika matoleo ya 1516 na 1519, kwa kuwa hakuyaona katika nakala za Kigiriki. Aliyaingiza mwaka 1522, baada ya kupatikana nakala moja ya Kigiriki yenye maneno hayo, nayo ilikuwa ya karne yake mwenyewe. Mababa wa Kanisa waliotetea imani ya Utatu kwa Kigiriki katika karne ya 4 hawakuyatumia kamwe. Walikuwa na Mathayo 28:19 na 2 Wakorintho 13:14, na sisi tunayo.

Wanaosema "nitabaki na Union Version" waifungue basi hiyo Union Version ya Kiswahili ya 1952. Mathayo 17:21 imo ndani ya mabano ya mraba. Maneno ya mashahidi wa mbinguni nayo yamo ndani ya mabano, katika mstari wa 8. Watafsiri wale walikwisha kutuonya, ila hatukufundishwa maana ya mabano hayo.

Watafsiri hutishwa pia kwa Ufunuo 22:19, onyo kwa anayeondoa maneno. Nakala pekee ya Ufunuo aliyokuwa nayo Erasmus ilikosa ukurasa wa mwisho, hivyo mistari ya mwisho aliirudisha katika Kigiriki kutoka Kilatini. Kwa njia hiyo King James ikapata "kitabu cha uzima" mahali ambapo nakala za Kigiriki zina "mti wa uzima". Union Version yetu inasema "mti". Na mstari wa 18 unamwonya vilevile anayeongeza.

Ombi langu kwa wachapishaji: msiondoe tanbihi katika matoleo ya bei nafuu ili kuokoa karatasi. Katika programu za simu, tanbihi ya mstari wenye pengo ionekane wazi, isifichwe nyuma ya alama ndogo ambayo wengi hawajui kwamba hubonyezwa. Kwa wahubiri: kabla ya kutangaza kwamba mstari umefutwa, someni dibaji, linganisheni tafsiri tatu, kisha muulize ni fundisho gani limepotea. Kufunga, kwa mfano, kumo katika Mathayo 6:16-18 na Matendo 13:3, bila mabano yoyote.

Mwalimu wa Agano Jipya,
Dodoma