Barua ya wazi kwa wajukuu wanaokunja ripoti zao

Wajukuu zangu mlio mwaka wa mwisho wa sekondari, mnaoomba nafasi katika vyuo vikuu vinavyochukua wachache,

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia na insha yake ya kuombea chuo. Nakala ya kumi na moja. Alitaka nimwambie kama neno "shauku" likae katika aya ya kwanza au aliondoe. Nikaisoma, nikaisifu, kisha nikamwomba ripoti ya muhula. Akainamisha kichwa. Tulivutana kidogo, mwishowe akaichomoa mfuko wa nyuma wa suruali. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imekunjuliwa na kukunjwa tena hadi mkunjo umechanika, na mchaniko umepita juu kabisa ya alama ya fizikia. Ilibidi niilaze mezani na kuzibana kingo kwa vidole viwili ndipo nisome: 54. Muhula uliotangulia alikuwa na 81.

"Nani ameiona hii?"

"Ni wewe tu, babu."

Mama yake bado. Na mwalimu wa fizikia, yule yule aliyekubali kumwandikia barua ya mapendekezo, anamkwepa. Akimwona anakuja, anapita njia ya maktaba.

Mtoto mwenye akili kama zile amekesha wiki tatu kwa ajili ya insha isiyozidi maneno 650, na fizikia inazama pembeni yake! Nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka. Mkiniona mkali humu ndani, nivumilieni.

Hizo alama mnazozificha zitafika, kwa hiyo tusidanganyane. Ukiomba vyuo vya Marekani, shule yako ndiyo inayotuma matokeo yako, na vyuo vingi hutaka pia ripoti ya katikati ya mwaka wa mwisho, kisha matokeo ya kufunga mwaka. Hata ukishapokelewa, barua ya kukupokea ina sharti ndani yake: umalize mwaka vizuri. Ukiporomoka sana wanaweza kukuandikia ujieleze, na wapo waliowahi kunyang'anywa nafasi wakiwa wameshaanza kufungasha. Uingereza mambo ni wazi zaidi. Unaomba hadi vyuo vitano kupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko, na Oxford na Cambridge kwa kawaida huwezi kuviomba vyote viwili mwaka mmoja. Ofa nyingi huja na masharti ya alama za mtihani wa mwisho, na kabla ya mtihani huo vyuo vinatazama alama ambazo mwalimu wako anatabiri utapata. Mwalimu! Yule unayepita njia ya maktaba kumkwepa ndiye anayeandika utabiri wako.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi methali hii niliijua tangu utotoni, lakini aliyenifundisha maana yake ni mwanafunzi.

Nilikuwa bado nafundisha. Binti mmoja, hodari kuliko wote katika darasa lake, aliniomba barua ya mapendekezo. Nikaiandika kwa moyo wote, nikamsifu kwamba hatetereki, kwamba kazi yake muhula huu ni ile ile ya muhula uliopita. Nilikuwa sijaona alama za masomo mengine. Alikuwa ameanguka katika matatu. Barua yangu na ripoti ya shule zilikwenda katika bahasha moja, zikipingana kama mashahidi wawili wa uongo. Hakupokelewa. Vyuo havisemi sababu, nami sitadai kwamba barua yangu ndiyo iliyomwangusha. Miaka mitatu baadaye tulikutana, akaniambia baba yake alikuwa mgonjwa nyumbani mwaka ule wote, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungebadilisha barua, Mwalimu."

Ningeibadilisha, naam. Ningeandika kwamba binti huyu anauguza usiku na anakuja darasani asubuhi, na kwamba 60 yake ya hesabu ina uzito kuliko 90 ya mwingine. Ingekuwa barua bora mara kumi. Badala yake niliandika sifa ambazo ningeweza kumwandikia yeyote. Naikumbuka hadi leo, na bado naona aibu.

Basi sikilizeni. Alama zikishuka, mtu wa kwanza kumwendea ni mwalimu wa somo lile, wiki hiyo hiyo, na karatasi ya mtihani mkononi, umwulize ulipopotea ni wapi. Wa pili ni mwalimu anayetuma ripoti yako, maana yeye anaweza kueleza kwa niaba yako, na neno lake hubeba uzito kuliko lako. Fomu nyingi za maombi za Marekani zina sehemu ya maelezo ya ziada. Hapo ndipo mahali pake, sentensi tatu au nne: kilichotokea, kilianza lini, nini kimebadilika. "Muhula wa pili nilikuwa namwuguza baba usiku. Tangu mwezi wa tatu shangazi anasaidia. Alama za majaribio mawili ya mwisho zimepanda." Inatosha. Msilie humo, wala msimsingizie mwalimu. Na usiyekuwa na mgonjwa nyumbani usimtunge! Wengi wenu sababu yenu ni nyepesi na haina msiba: maombi yenyewe yamekula muda wa kusoma. Hilo halihitaji maelezo, linahitaji kufunga insha na kufungua daftari.

Wale wanaosoma maombi hutazama pia ugumu wa masomo uliyochagua na shule yako inafundisha nini. Kushuka kidogo katika somo zito si sawa na kushuka kote. Kushuka kisha kupanda si sawa na kuteremka moja kwa moja. Ndiyo maana muhula huu uliobaki una thamani kuliko nakala ya kumi na mbili ya insha.

Mengine nayataja tu. Laleni. Usiache somo gumu katikati ya mwaka bila kuuliza kwanza, maana chuo kinaweza kuwa kilikupima kwa somo hilo. Weka katika orodha yako chuo kimoja au viwili unavyovipenda ambavyo alama zako za leo zinatosha. Acheni kusoma usiku wa manane alama za watu msiowajua.

Nanyi wazazi, msidhani nimewasahau. Mtoto anakunja ripoti mara nne kwa sababu kuna mtu anamwogopa. Mnatangaza alama zake kwa ndugu zikiwa nzuri, mnanyamaza zikiwa mbaya, naye anasikia kimya hicho vizuri sana. Na sisi walimu tunabandika majina ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha tunashangaa watoto wanaficha. Hata vyuo vyenyewe sivisamehi. Harvard kwa miaka ya karibuni imekuwa ikichukua chini ya waombaji 5 katika kila 100, na vyuo vya namna hiyo bado vinatuma vipeperushi kuwaita wengine zaidi waje wakataliwe. Katika hao wanaokataliwa wamo wengi wenye alama zisizo na doa hata moja. Hilo nawaambia ili ile 54 msiitwishe lawama zote za jibu mtakalopata.

Yule kijana tuliigundisha ripoti yake kwa utepe, upande wa nyuma ili alama isomeke. Jioni ile alimwonyesha mama yake. Kwa simu aliniambia mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwuliza kama amekula. Jumatatu saa nane ana miadi na mwalimu wa fizikia, na nimemwambia aende na karatasi ya mtihani, insha aiache nyumbani.

"Shauku" nimemshauri aliondoe.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu